Louis Pasteur na Kondoo wa Pouilly-le-Fort

1. Swali la kuanzia

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Bwana mifugo amefika kijijini. Amebeba sanduku la chanjo. Anasema kila ng'ombe achanjwe ili asipate kimeta. Jirani yako mmoja anakubali mara moja. Anasema bwana mifugo amesoma, kwa hiyo hawezi kukosea. Jirani yako mwingine anakataa. Anasema waliosoma nao hukosea, na ng'ombe akifa hasara ni yake mwenyewe.

Je, wewe utamfuata nani?

Watu wengi husema kwamba ni lazima tuiamini sayansi. Wengine husema kwamba sayansi ni maneno ya wakubwa tu. Lakini sayansi ni nini hasa? Je, ni maneno ya mtu mwenye cheo? Je, ni sindano na dawa? Au ni kitu kingine?

Katika somo hili utasoma habari za maisha ya Louis Pasteur. Alikuwa mtu wa Ufaransa, nchi ya Ulaya. Alikufa mwaka 1895. Kazi yake imeokoa watu na mifugo wengi duniani. Lakini yeye pia alikuwa binadamu, na aliwahi kuficha jambo. Utasoma mema yake na kosa lake. Ukifika mwisho, rudi kwenye swali la jirani zako wawili. Huenda ukaona kwamba wote wawili wamekosa kitu kimoja.

2. Mtoto wa mtengeneza ngozi

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa amepata kuwa askari. Baadaye alifanya kazi ya kutengeneza ngozi za wanyama. Jamaa hii haikuwa tajiri. Louis alikulia katika mji mwingine mdogo uitwao Arbois.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Alikuwa hodari wa kuchora picha. Lakini alikuwa na tabia moja: hakuiacha kazi mpaka imekwisha. Alisoma kwa bidii, akaingia chuo kikubwa cha ualimu mjini Paris. Huko alijifunza kemia, yaani elimu ya vitu na jinsi vinavyobadilika.

Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent. Mama huyu alimsaidia sana katika kazi. Usiku Pasteur alisema, na mkewe akaandika. Walizaa watoto watano. Watatu walikufa wakiwa bado wadogo. Wawili kati ya hao waliuawa na homa ya matumbo. Kwa hiyo Pasteur alijua uchungu wa mzazi anayekaa kando ya kitanda cha mtoto bila ya kuwa na dawa.

3. Pombe iliyoharibika

Mwaka 1856 Pasteur alikuwa mwalimu katika mji wa Lille. Mtu mmoja mwenye kiwanda cha pombe alimjia na shida. Mapipa yake mengine yalitoa pombe nzuri, na mengine yaliharibika na kuwa machungu. Hakuna aliyejua sababu.

Pasteur hakujibu kwa kukisia. Alichukua matone machache kutoka kwenye mapipa mazuri, na mengine kutoka kwenye mapipa mabaya. Akayatazama kwa hadubini. Hadubini ni chombo chenye vioo, kinachofanya vitu vidogo sana vionekane vikubwa. Katika pombe nzuri aliona vitu vya mviringo. Hiyo ndiyo hamira. Katika pombe iliyoharibika aliona vijidudu vingine, virefu kama vijiti.

Pasteur akafikiri hivi: hamira ni kitu chenye uhai, nayo ndiyo inayofanya pombe. Vile vijiti navyo vina uhai, navyo ndivyo vinavyoharibu pombe. Baadaye aligundua kwamba divai ikipashwa moto kiasi, bila kuchemka, vijidudu viharibifu hufa na divai hukaa muda mrefu. Njia hiyo leo hutumika kwa maziwa viwandani. Katika lugha nyingi imepewa jina la Pasteur.

4. Chupa yenye shingo ndefu

Wakati huo watu wengi, hata waliosoma, waliamini kwamba vijidudu huzaliwa vyenyewe katika vitu vinavyooza. Waliona nyama ikioza, kisha ikawa na vijidudu. Wakasema nyama ndiyo iliyovizaa. Pasteur alisema sivyo. Alisema vijidudu huja pamoja na vumbi la hewani.

Nani alikuwa na haki? Ubishi wa maneno usingeweza kulimaliza jambo hili. Ilifaa kupata njia ya kuviuliza vitu vyenyewe.

Pasteur alichukua chupa za kioo, akatia maji yenye hamira na sukari, chakula ambacho huharibika upesi. Kisha alizipasha moto shingo za chupa na kuzivuta mpaka zikawa ndefu na nyembamba, zimepindapinda kama shingo ya bata. Hakuziba mdomo. Halafu akayachemsha maji yale ili kuua vijidudu vilivyokuwamo.

Hewa iliweza kuingia ndani ya chupa. Lakini vumbi lilinaswa katika lile pindo la shingo. Siku zikapita, miezi ikapita, na maji hayakuharibika. Kisha alivunja shingo ya chupa moja ili vumbi lidondoke ndani. Baada ya muda mfupi tu, maji yale yalijaa vijidudu.

Unaona, msomaji? Chupa ni zile zile, maji ni yale yale, na hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni kimoja tu: vumbi. Kwa hiyo jibu lilikuwa wazi. Hii ndiyo njia ya sayansi. Badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo, halafu tazama kinachotokea.

5. Mpinzani aliyeona kweli

Mwaka 1860 Pasteur alibeba chupa zake nje ya mji. Alifungua chupa 20 mashambani, 20 juu ya mlima, na 20 mahali pa juu zaidi kwenye barafu, ambako hewa haina vumbi jingi. Kisha akazifunga tena na kungoja. Katika chupa za mashambani, 8 ziliharibika. Za mlimani ziliharibika 5. Za kwenye barafu iliharibika 1 tu. Vumbi lilipopungua, uharibifu nao ulipungua.

Lakini mtaalamu mmoja jina lake Félix Pouchet hakukubali. Yeye naye alipanda mlima na chupa zake. Badala ya maji ya hamira alitumia maji ya majani makavu. Chupa zake zote ziliharibika. Wakuu wa chuo cha sayansi cha Paris walimpa Pasteur ushindi, na habari za Pouchet zikaachwa.

Baadaye sana, miaka ya 1870, wataalamu wengine walichunguza tena. Waligundua kwamba katika majani makavu mna kijidudu kinachojificha ndani ya ganda gumu, kama mbegu. Mbegu hiyo haifi kwa kuchemshwa mara moja. Kwa hiyo Pouchet hakusema uongo. Aliona kweli chupa zimeharibika, ila hakujua sababu. Pasteur alikuwa na haki kwamba vijidudu havijizai vyenyewe. Lakini swali la Pouchet lilikuwa zuri, na lingejibiwa mapema kama watu wasingeharakisha kufunga shauri.

Kumbuka habari ya mbegu ngumu. Tutakutana nayo tena sasa hivi.

6. Mashamba yaliyolaaniwa

Mwaka 1868 Pasteur alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulipooza. Alikuwa na miaka 45. Watu walidhani kazi yake imekwisha. Lakini alirudi kazini huku akichechemea, na wasaidizi wake wakawa mikono yake.

Siku zile wafugaji wa Ufaransa walikuwa wakipata hasara kubwa kwa sababu ya kimeta. Kondoo alikuwa mzima asubuhi, jioni amekufa, na damu yake imekuwa nyeusi. Yalikuwako mashamba ambako mifugo ilikufa kila mwaka. Watu waliyaita mashamba yaliyolaaniwa.

Daktari mmoja wa Ujerumani, Robert Koch, alionyesha mwaka 1876 jinsi kijidudu cha kimeta kinavyoishi. Aliona kwamba nacho hugeuka kuwa mbegu ngumu. Mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi bila kufa.

Pasteur alikwenda mashambani na kuzungumza na wakulima. Aliona kwamba mahali palipozikwa mizoga palikuwa na udongo ulioletwa juu na nyungunyungu. Alipopima udongo huo alikuta mbegu za kimeta ndani yake. Basi shamba halikulaaniwa. Lilikuwa na mbegu za ugonjwa, na kondoo walizila pamoja na majani.

Tazama tena jambo hili. Wakulima walikuwa wameona vizuri. Walijua ni shamba gani linaloua. Sayansi haikudharau walichokiona. Ilikitafutia sababu.

7. Jaribio mbele ya watu wote

Pasteur alikuwa amegundua jambo kubwa kwa kuku. Kijidudu cha ugonjwa kikidhoofishwa, kisha kikatiwa mwilini, mnyama huugua kidogo au haugui kabisa. Baadaye akipata kijidudu kikali, mwili wake huwa umekwisha kujifunza kupigana nacho. Zamani Edward Jenner, daktari wa Uingereza, alikuwa ameonyesha mwaka 1796 kwamba ugonjwa hafifu wa ng'ombe huwakinga watu na ndui. Pasteur alitaka kutengeneza kinga ya namna hiyo kwa magonjwa mengine pia.

Mwaka 1881 alitangaza kwamba anayo chanjo ya kimeta. Wengi hawakuamini. Mmoja wao alikuwa daktari wa mifugo aliyeitwa Rossignol. Alikuwa ameandika maneno ya kebehi juu ya watu wanaoona vijidudu kila mahali. Rossignol na chama cha wakulima wa mji wa Melun walimwambia Pasteur aje aonyeshe chanjo yake mbele ya watu. Pasteur akakubali.

Mahali palikuwa shamba la Rossignol, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort. Wanyama waligawanywa namna hii:

Upande wa kwanza: kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6. Hawa walichanjwa.
Upande wa pili: kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 4. Hawa hawakuchanjwa.
Kondoo 10 wengine waliachwa kando bila kuguswa, ili watu waweze kuwalinganisha na wale wengine.

Kabla ya kuanza, Pasteur aliandika wazi yatakayotokea. Alisema kondoo wasiochanjwa watakufa wote, na waliochanjwa watapona wote. Hakungoja aone kwanza ndipo aseme. Mtu akitabiri wazi hivyo, kila mmoja anaweza kumwona akikosea.

Tarehe 5 Mei wanyama wa upande wa kwanza walichanjwa. Tarehe 17 Mei walichanjwa mara ya pili. Tarehe 31 Mei pande zote mbili zilidungwa vijidudu vikali vya kimeta. Wenye shaka walikuwapo hapo, nao walitoa masharti. Walitaka chupa itikiswe vizuri ili sumu isikae chini. Walitaka kipimo kiwe kikubwa zaidi. Walitaka adungwe mmoja wa upande huu, kisha mmoja wa upande ule, ili pasiwe na hila. Pasteur alikubali yote.

Alasiri ya tarehe 2 Juni watu wengi walifurika shambani. Walikuwako wakulima, madaktari, wakuu wa serikali na waandishi wa magazeti. Kondoo 21 wasiochanjwa walikuwa wamelala wamekufa, na mbuzi pia. Wengine wawili walianguka na kufa mbele ya macho ya watu. Wa mwisho alikufa jioni. Ng'ombe wasiochanjwa hawakufa, lakini walivimba na kupata homa. Upande wa waliochanjwa, kondoo walikuwa wakila majani.

Baadaye kidogo kondoo jike mmoja aliyechanjwa alikufa. Alipopasuliwa ilionekana kwamba alikuwa na mimba, na mtoto amefia tumboni. Jambo hili nalo liliandikwa, halikuachwa.

Wafugaji walianza kuomba chanjo. Kufikia mwaka 1894, kondoo zaidi ya milioni 3 walikuwa wamechanjwa katika Ufaransa. Kati ya kondoo 100 waliochanjwa, alikufa chini ya mmoja. Zamani walikuwa wakifa kama 10 katika kila 100.

8. Mtoto aliyeumwa na mbwa

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha. Mgonjwa akianza kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huu una jambo moja la kusaidia. Tangu mtu anapoumwa mpaka anapougua hupita majuma, hata miezi. Pasteur alifikiri kwamba katika muda huo mwili unaweza kufundishwa kupigana.

Kijidudu chenyewe hakikuonekana katika hadubini za siku zile, kwa sababu ni kidogo mno. Hata hivyo Pasteur na msaidizi wake Émile Roux waliweza kukidhoofisha. Walichukua uti wa mgongo wa sungura mgonjwa na kuukausha. Kadiri ulivyokaushwa siku nyingi, ndivyo sumu yake ilivyopungua.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja alifika Paris na mtoto wake, Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9. Siku mbili kabla, mbwa mwenye kichaa alikuwa amemwuma mara nyingi. Mama aliomba msaada. Pasteur alikuwa na wasiwasi mwingi. Dawa ilikuwa imejaribiwa kwa mbwa. Yeye mwenyewe hakuwa daktari wa watu, hivyo hakuwa na ruhusa ya kumdunga mtu sindano. Daktari Grancher ndiye aliyemdunga. Roux hakukubaliana na kazi hiyo, kwa maana aliona bado ni mapema. Mtoto alidungwa sindano 13 kwa muda wa siku kama 10. Walianza na dawa dhaifu, wakamaliza na kali.

Joseph Meister hakuugua. Alikua, akaja kuwa mlinzi wa mlango katika taasisi yenye jina la Pasteur.

9. Mmoja hatoshi

Sasa, ndugu msomaji, fikiri sana hapa. Mtoto alipona. Je, hiyo inathibitisha kwamba dawa ilimponya?

Hapana, bado. Si kila anayeumwa na mbwa mwenye kichaa hupata ugonjwa. Huenda mtoto huyu angepona hata bila dawa. Mtu mmoja akipona ni habari njema, lakini si ushahidi wa kutosha. Mara ngapi umesikia mtu akisifu dawa fulani kwa sababu jirani yake aliinywa akapona? Uliza pia walioinywa wasipone. Uliza pia waliopona bila kuinywa.

Kwa hiyo watu waliendelea kuhesabu. Kufikia Machi 1886 watu 350 walikuwa wametibiwa. Alikufa mmoja, mtoto wa kike aliyeletwa siku 37 baada ya kuumwa. Kisha walikuja Warusi 19 walioumwa na mbwa mwitu mwenye kichaa, ambaye kuuma kwake ni kubaya zaidi. Walipona 16, wakafa 3.

Bado wapinzani walikuwako. Katika chuo cha madaktari cha Paris, daktari Michel Peter alisema kwamba dawa hiyo haifai na yaweza kuua. Serikali ya Uingereza nayo haikukubali kwa kusikia tu. Iliunda tume. Wajumbe wake walikwenda Paris, wakawaona waliotibiwa, wakauliza kama kweli mbwa waliowauma walikuwa na kichaa. Halafu Victor Horsley, katibu wa tume hiyo, alirudia majaribio mwenyewe kwa wanyama huko Uingereza. Mwaka 1887 tume ilitoa taarifa kwamba njia ya Pasteur inafanya kazi.

Hawa hawakuwa jamaa za Pasteur, wala hawakuwa watu wa nchi yake. Hawakuwa na sababu ya kumpendelea. Ndiyo maana neno lao lilikuwa na uzito.

Watu wa nchi nyingi walichanga fedha. Tarehe 14 Novemba 1888 Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa mjini Paris. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895. Alizikwa kwa heshima kubwa, na kaburi lake limo ndani ya taasisi hiyo.

10. Madaftari yanafunguliwa

Lakini habari haikuishia kaburini. Pasteur aliacha madaftari mengi. Ndani yake alikuwa ameandika kila jaribio, siku kwa siku. Aliwaambia jamaa zake wasimwonyeshe mtu yeyote. Madaftari hayo yalifichwa miaka mingi. Mwaka 1964 mjukuu wake aliyatoa kwa maktaba ya taifa ya Ufaransa. Wataalamu wa historia wakaanza kuyasoma. Mwaka 1995 Gerald Geison, Mmarekani, alitoa kitabu juu ya aliyoyakuta.

Alikuta nini? Katika jaribio la Pouilly-le-Fort, Pasteur aliwaacha watu waamini kwamba chanjo ilitengenezwa kwa njia yake mwenyewe, ya kudhoofisha vijidudu kwa hewa. Kumbe sivyo. Chanjo iliyotumika ilitengenezwa na msaidizi wake Charles Chamberland kwa dawa ya kemikali. Njia hiyo ilifanana zaidi na ya daktari wa mifugo Henri Toussaint. Huyu alikuwa amechanja kondoo mwaka 1880, kabla ya Pasteur. Toussaint hakupata sifa aliyostahili. Alikufa mwaka 1890, akiwa na miaka 43.

Yalionekana pia mambo ya mtoto Meister. Siku mtoto alipodungwa, majaribio ya njia ile ile kwa mbwa yalikuwa bado yanaendelea. Pasteur alikuwa amewafanya watu wadhani kwamba yamekwisha kukamilika. Wako wataalamu wanaomtetea. Wanasema mtoto alikuwa katika hatari ya kifo, na kungoja kungeweza kumwua. Lakini ukweli wa madaftari ni huo.

Je, tufanye nini sasa? Tutupe chanjo kwa sababu Pasteur alificha jambo? Hapana. Kondoo wa Pouilly-le-Fort walipona kweli, na wasiochanjwa walikufa kweli. Watu walikuwako, wakaona. Kisha wengine katika nchi mbalimbali wakarudia, wakahesabu, wakasahihisha. Chanjo za leo si zile za Pasteur. Zimeboreshwa mara nyingi. Kama chanjo ingesimama juu ya sifa ya Pasteur peke yake, ingeanguka siku madaftari yalipofunguliwa. Lakini haikusimama juu ya sifa. Ilisimama juu ya majaribio yaliyorudiwa na watu wengi, hata na wapinzani wake.

Tena, nani aliyegundua kosa la Pasteur? Ni wataalamu wenyewe, kwa kusoma na kukagua. Hawakusema yeye ni mkubwa, tumwache. Katika sayansi hakuna mkubwa asiyekaguliwa.

11. Wewe na sayansi

Sasa rudi kwa jirani zako wawili. Wa kwanza alimwamini bwana mifugo kwa sababu amesoma. Wa pili alimkataa kwa sababu waliosoma hukosea. Wote wawili walimtazama mtu. Hakuna aliyeuliza habari za jaribio.

Wewe uliza. Si utovu wa heshima kuuliza, na bwana mifugo mwema hufurahi akiulizwa. Uliza hivi:

Chanjo hii imejaribiwa kwa wanyama wangapi?
Wasiochanjwa walipatwa na nini?
Nani mwingine amekagua, asiyefaidika na mauzo yake?
Ina madhara gani, nami nitayatambuaje?

Ukipata majibu mazuri, usikae na shaka tu kama mtu anayekaa njia panda mpaka giza likamkuta. Shaka ni mwanzo wa kujua. Lakini ushahidi ukija, shaka nayo iondoke, nawe utende.

Na yapo mambo yaliyokwisha kupimwa sana, ambayo yakupasa kuyashika leo.

Mnyama akifa ghafla na damu ikamtoka puani au sehemu nyingine, usimpasue, usimchune, wala usile nyama yake. Mwite bwana mifugo. Kimeta bado kipo Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, na huua watu pia.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Kisha mpeleke hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje dalili. Zikisha kuonekana, umechelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Asia na Afrika, na wako watoto wengi kati yao. Karibu wote waliumwa na mbwa. Basi siku ya kuchanja mbwa ikitangazwa, mpeleke mbwa wako.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur, ndiyo siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Siku hiyo tunamkumbuka mtoto wa mtengeneza ngozi. Hatumkumbuki kama mtu asiyekosea. Tunamkumbuka kwa sababu alikubali kondoo wake wahesabiwe mbele ya wenye shaka.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini maji katika chupa yenye shingo iliyopinda hayakuharibika?
2. Kwa nini nusu ya wanyama wa Pouilly-le-Fort hawakuchanjwa? Kama wote wangechanjwa, tungejua nini?
3. Pouchet aliona kweli chupa zake zimeharibika. Alikosea wapi? Na wakuu wa Paris walikosea wapi?
4. Pasteur alificha jambo gani? Je, ungekuwa wewe ungemdunga mtoto Meister, au ungengoja?
5. Taja dawa moja inayosifiwa kijijini kwenu. Jadilianeni: mngeipimaje ili mjue kama inafaa?